Jogoo Hachorwi

Kila muhula unapoanza, kabla sijagawa karatasi hata moja, napitisha kisanduku nikusanye penseli. Wanafunzi hucheka wakidhani natania. Nikiomba na raba, kicheko hupungua. Hawa ni vijana wa chuo cha sanaa. Waliingia hapa kwa mtihani wa kuchora, na tangu waingie wamefundishwa kwamba kazi yoyote ya maana huanzia kwenye daftari la rasimu. Leo wanaambiwa washike mkasi wamkate jogoo moja kwa moja, bila mstari wa kuwaongoza. Wapo wanaokasirika. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama somo hili linahesabiwa kwenye shahada au limewekwa la kupumzisha akili.

Linahesabiwa. Ni somo la wycinanki (hutamkwa vichinanki), sanaa ya kukata karatasi ya wakulima wa Poland, na ninalifundisha mjini Łódź, katikati ya nchi hiyo. Mtu wa Tengeru kuwafundisha Wapolandi sanaa ya bibi zao! Najua inavyosikika. Lakini kwa sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru, Poland haikuwa jina geni kabisa. Kuanzia 1942 waliletwa Tanganyika wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Urusi wakapitia Iran, na kambi ya Tengeru peke yake ikafikia watu kama 5,000. Makaburi yao yapo mpaka leo. Ile herufi L yenye mkato katikati niliisoma kwenye mawe yale kabla sijajua nchi yenyewe iko upande gani wa dunia. Nilipopata nafasi ya kusoma nje, nikapelekwa Łódź kujifunza lugha kwanza, kama walivyopelekwa Waafrika wengi tangu zama za uhuru, kisha nikaingia kwenye ubunifu wa nguo, maana Łódź ni mji uliojengwa na viwanda vya pamba. Ndoa na kazi vikanibakiza.

Mikasi ilikuja baadaye. Chuo kilikuwa kimemwalika mama mmoja mtu mzima kutoka kijiji cha jirani na Łowicz, mji mdogo ulio kama kilomita 50 kutoka hapa, aje awaonyeshe wanafunzi kazi ya mikono yake, nami nikapewa kumsaidia: kubeba karatasi, kupika gundi ya unga, kuhakikisha hakosi basi la jioni. Tulimwita Pani, kama Wapolandi wanavyomwita mwanamke yeyote wa heshima. Yeye alituita sote wanangu, hata profesa mwenye mvi. Alipochoka kusafiri, somo likaniangukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na mikono yake kuliko mtu mwingine yeyote pale chuoni.

Alikuja na mkasi ambao wanafunzi walidhani ni silaha. Ulikuwa mkasi wa kunyolea kondoo. Hauna msumari katikati kama mikasi ya mafundi cherehani. Ni chuma kimoja kilichopindwa nyuma kikawa springi, na mbele kina visu viwili virefu vilivyonolewa. Hauna matundu ya vidole. Ukiubana unajifunga, ukiuachia unafunguka wenyewe, kwa hiyo kinachokata ni kiganja kizima. Wanawake wa vijijini waliutumia kwa sababu ndio uliokuwemo nyumbani. Kwa chuma hicho, ambacho mimi nisingethubutu kufungulia hata gunia la mchele, mama yule alikata manyoya ya shingo ya jogoo, membamba kama uzi, yamepangana bila hata moja kung'oka.

Kwanza nieleze karatasi hizi zilikuwa za nini. Nyumba ya mkulima ilipakwa chokaa ndani, hasa wakati wa usafi kabla ya Pasaka, na ukuta mweupe ukabaki mtupu. Wanawake wakakata karatasi za rangi wakazibandika kwenye boriti, kati ya dirisha na dirisha, juu na chini ya picha za watakatifu. Mwaka uliofuata zilikuwa zimepauka kwa moshi na jua. Zikabanduliwa, chokaa ikapakwa upya, zikakatwa nyingine. Kila sehemu ikawa na desturi yake. Watu wa Kurpie, kule misituni kaskazini-mashariki mwa Warsaw, hutumia karatasi ya rangi moja iliyokunjwa: ama nyota ya mviringo, ama leluja, mti uliosimama wima wenye matawi yaliyolingana pande mbili na mara nyingi ndege wawili wametazamana. Watu wa Łowicz ni wa rangi. Hukata umbo la chini, halafu hubandika juu yake vipande vidogo vya rangi tofauti, tabaka juu ya tabaka, mpaka mkia wa tausi unawaka. Wana pia kipande kirefu kiitwacho kodra, chenye harusi nzima ndani yake, wapiga muziki, farasi na wageni.

Nasimulia haya yote darasani haraka, kwa sababu wanafunzi wanayajua nusunusu tangu shule ya msingi. Jogoo wa Łowicz wamemwona kwenye vikombe, kwenye mifuko ya dukani, kwenye sumaku za friji. Wamemchoka kabla hawajamjua. Wasichokijua ni umri wake. Wanadhani ni kitu cha enzi za mababu, kilichokuwepo tangu misitu ilipoota. Ukweli ni kwamba karatasi ya kung'aa ni bidhaa ya kiwandani, na sanaa hii ilishika kasi katikati ya karne ya 19, bidhaa hiyo ilipoanza kufika kwenye maduka na magulio ya vijijini kwa bei ambayo mke wa mkulima angeimudu.

Hapo ndipo huwa nawatandikia kanga mezani. Nawaonyesha pindo, mji na jina, kisha nawaeleza zilikotoka: wanawake wa pwani ya Zanzibar na Mombasa, katika karne hiyohiyo ya 19, walinunua leso za kiwandani zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga zikawa nguo moja; wafanyabiashara wakaona, wakaagiza zichapishwe zikiwa nzima huko Ulaya, na baadaye India na Japani; maneno ya chini yakaja baadaye. Pamba ya kigeni, mashine ya kigeni, na bado nani atamwambia bibi arusi wa Unguja kwamba kanga si yake? Wanafunzi wa nguo hulielewa hili mara moja. Wale wa uchoraji huchelewa kidogo, maana wamezoea kuheshimu kitu kwa ukongwe wake. Na kuna funzo la pili ndani ya kanga ambalo nalihitaji kwa kazi iliyo mbele yetu: pindo na mji havijabadilika, na katika kisanduku hicho kidogo wabunifu wamefanya kazi kwa vizazi bila kuishiwa.

Tukimaliza hayo tunakunja.

Karatasi ina rangi upande mmoja. Upande wa pili ni mweupe. Rangi inakaa ndani ya kunjo, ili unapokata usione rangi, uone umbo tu. Kunjo linasuguliwa kwa ukucha wa kidole gumba mpaka lilale. Kisha inakuja kanuni ambayo wanafunzi huisahau kila dakika: mkasi hauendi popote. Mkono wa kulia unafungua na kufunga pale pale ulipo. Mkono wa kushoto ndio unaoizungusha karatasi. Anayeukimbiza mkasi, kiwiko juu, ncha ikinyofoanyofoa, hutoka na mstari wenye vikorongo. Mviringo mzuri hukatwa na sehemu ya ndani ya visu, karibu na kiganja, na ncha huingizwa pale tu mstari unapokwenda kufia. Mama yule hakuyaeleza haya kwa maneno. Alikuwa akimfuata mwanafunzi kwa nyuma, akimshika kiwiko, akikishusha.

Halafu linakuja jicho. Mchoraji akifikiria jicho, anafikiria kuweka kitu: nukta, duara, kope. Kwenye karatasi ya rangi moja huwezi kuweka kitu. Unaweza kuondoa tu. Jicho ni tundu. Na ukitaka tundu liwe na mboni ndani, mboni hiyo lazima ishikane na kitu, la sivyo inaangukia mezani na jogoo wako ni kipofu. Kila kilichobaki kwenye karatasi lazima kishikane na kingine: ukucha na mguu, mguu na tawi, tawi na shina. Kwa wiki za mwanzo sakafu ya darasa letu hujaa macho, midomo na vishungi vilivyodondoka. Hapo ndipo ninapoanza kutambua ni nani atakayeiweza kazi hii, na mara nyingi siye bingwa wa kuchora. Bingwa wa kuchora anategemea kivuli, anategemea mstari mzito na mwepesi, anategemea kurudia. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye walimu wote walimsifu kwa mkono wake. Leluja zake zilikuwa michoro mizuri iliyogeuzwa mashimo, zikichanika ukizinyanyua. Jirani yake wa dawati, aliyekuwa akipata alama za kusukumasukuma kwenye uchoraji, alikuwa ameshonea mama yake mapazia tangu utotoni. Yeye alijua kitambaa kinachanikia wapi.

Kunjo lina rehema yake pia. Mkasi ukiteleza upande mmoja umeteleza na wa pili, na ukikunjua, kasoro hiyo inajitokeza kushoto na kulia kwa kipimo kilekile. Ikishakuwa pande mbili, jicho la mtazamaji huichukua kuwa pambo lililokusudiwa. Mama yule aliteleza mara nyingi kuliko tulivyodhani, na kila alipoteleza aliongeza mkato mwingine kama huo hapo chini, kisha mwingine, mpaka ikawa safu. Wanafunzi wanaoogopa kuharibu hulegea mabega wakiliona hilo kwa macho yao.

Ugomvi mkubwa hauko kwenye mkasi. Uko kwenye kunakili. Kwa sehemu kubwa ya muhula nawataka wakate jogoo mmoja, yuleyule, wa mama yule. Wanamtazama, ninamficha, wanamkata. Tunamtoa tena, tunalinganisha, tunamficha. Hawaipendi kazi hii hata kidogo. Chuo kimewaambia kwamba msanii ni mtu asiyefanana na mwingine, na nadhani tunawauzia hofu hiyo mapema mno, kabla hawajawa na kitu cha kutofautiana nacho. Wengine hunitajia Henri Matisse. Uzeeni, akiwa mgonjwa, Matisse aliweka brashi kando akashika mkasi, akakata karatasi zilizopakwa rangi kwa uhuru wote. Kitabu chake Jazz kilitoka 1947. Basi nasi tuachiwe, wanasema. Siku moja nilimwonyesha mama yule picha ya konokono wa Matisse wa 1953, yale mapande makubwa ya rangi yaliyopangwa kwa mzunguko. Aliitazama kwa makini, akasema rangi zimekaa vizuri sana, kisha akauliza kwa nini mzee huyu hakumalizia kingo.

Matisse alifika kwenye uhuru ule baada ya maisha mazima ya kuchora. Hilo wanafunzi hawalipendi kulisikia, nami sichoki kulisema.

Na kunakili kwenyewe si kama wanavyokudhania. Ukipanga mezani jogoo waliokatwa na darasa zima kwa kufuata kielelezo kimoja, unaona mara moja kwamba hakuna wawili walio sawa. Mmoja ana kifua mbele kama askari wa zamu. Mwingine shingo yake imerefuka, kwa sababu aliyemkata huwa anachelewa kugeuza karatasi. Kwa mwingine vile vikato vidogo vya ukingoni, vinavyopaswa kuwa sawasawa, vinaanza kwa upana na kuishia vyembamba; ndivyo alivyo, huanza kila kitu kwa nguvu. Wenyeji wa kijijini walikuwa wakiingia nyumba ya mtu na kujua kazi ile ni ya mkono wa nani, ilhali wote walikata jogoo na maua yaleyale. Tofauti haikutafutwa. Ilitoka yenyewe pale mkono ulipoacha kuhangaika na umbo.

Msomaji asidhani naitetea jadi dhidi ya kila kipya. Sanaa hii yenyewe imekwisha badilika mbele ya macho ya watu. Mwaka 1949 serikali ya Poland iliunda shirika la Cepelia kununua na kuuza kazi za mafundi wa vijijini. Kamati za wataalamu zikawa zinazipima, na kilichokuwa kikibandikwa ukutani na kutupwa kikahamia kwenye kadi na fremu za watu wa mjini. Wanawake walipata kipato, na kazi ikawa safi zaidi, labda safi mno. Kisha ikaja leza. Kwenye maonyesho ya dunia ya Shanghai ya 2010, banda la Poland lilikuwa na kuta zilizokatwakatwa kwa nakshi za wycinanki, kazi ya wasanifu vijana, na usiku taa za ndani zilipenya kwenye matundu yake. Ni jengo zuri. Nawaonyesha picha zake bila kinyongo.

Lakini mwanafunzi akiniletea jogoo aliyebuniwa kwenye kompyuta, nusu ikageuzwa kuwa nzima kwa kubonyeza, kisha akakatwa kwa leza dazeni nzima, namwomba anijibu swali moja: mkasi uliingilia wapi? Mkasi hauwezi kutua katikati ya karatasi. Lazima uingie kutoka ukingoni au kwenye kunjo. Ndiyo maana matundu mengi ya leluja yamepangana kwenye mstari wa kati; ndiyo maana ua lina umbo la nusu mbili; ndiyo maana pambo la ukingoni ni vikato vifupi. Maumbo hayo hayakuchaguliwa kwa kupendeza tu, yalitokana na mlango wa kuingilia. Leza inatua popote. Ikiiga maumbo ya mkasi, inajifunga kamba ambayo haikufungwa. Anayetaka kutumia leza namruhusu, ila aniambie leza yenyewe ingekata nini kama isingekuwa na wa kumuiga. Mpaka sasa majibu mazuri niliyopata ni machache, na moja halikuwa na jogoo kabisa.

Kuna kipindi kimoja ambacho sikati kitu. Nazungumzia Wayahudi wa Poland, ambao nao walikuwa mafundi wakubwa wa kukata karatasi: mizrach, bango la kuonyesha mashariki, upande wa kuelekea katika sala, na maua ya mviringo ya kubandika madirishani wakati wa sikukuu ya Shavuot. Walikata zaidi kwa kisu kuliko kwa mkasi, na kazi yao ilibeba maandishi, simba, mataji na mikono. Łódź ilikuwa na Wayahudi wengi mno kabla ya vita vya 1939. Wanazi waliwafungia humuhumu mjini, kisha wakawaua. Wanafunzi wanajua historia hiyo. Wengi hawajui kuhusu karatasi. Karatasi haidumu, na nyumba zilipobaki tupu hakukuwa na wa kuzibandua na kukata nyingine msimu uliofuata. Baadhi ya wasanii wa Poland wameirudisha kazi hiyo katika miongo ya karibuni, wakijifunza kutoka kwenye vichache vilivyosalia makumbushoni. Kila wanafunzi wanapouliza jadi hii ni ya nani hasa, na huuliza, wakati mwingine wakinitazama mimi na asili yangu, narudi kwenye kipindi hicho. Jibu langu ni la kivivu lakini ndilo nililonalo: ni ya anayeendelea kukata.

Mwisho wa muhula kuna fomu. Fomu ya idara ina sehemu ya alama za ubunifu, na nalazimika kuijaza kwa watu niliowashurutisha kunakili. Nimebuni njia yangu. Nawachanganya jogoo wote mezani, bila majina, na kuwauliza wenzao: huyu wa nani? Anayetambulika na wengi anapata alama nzuri za ubunifu, hata kama jogoo wake ana bawa lililovunjika. Njia hii imenifaa kila mara isipokuwa kwa msichana mmoja. Jogoo wake hakuna aliyemtambua. Darasa zima lilisema huyu si wa mwanafunzi, ni kile kielelezo cha mama wa Łowicz kimechanganywa kwa bahati mbaya. Nilikwenda kabatini, kielelezo kilikuwemo kwenye bahasha yake.

Nilimpa alama zote. Mwenzangu wa idara alipinga, akasema kama ubunifu ni kutambulika, basi huyu hana hata chembe, na kwa kanuni yangu mwenyewe alistahili sifuri. Nikamwambia kushika mkono wa mtu mwingine kiasi hicho bila kuchora hata mstari ni jambo ambalo yeye na mimi hatuliwezi. Akasema hilo ni la fundi, si la msanii. Tunaliendeleza kila tunapokutana kwenye mashine ya kahawa, na sidhani kama mmoja wetu yuko karibu kukubali. Msichana mwenyewe hakuuliza habari za alama. Alipokuja kuchukua penseli zake alitaka kujua jambo moja tu, mkasi wa kunyolea kondoo unauzwa wapi siku hizi. Nikampa jina la gulio.